Konokono Mia Mbili na Kumi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kuandika leo. Mke wangu amesema nimeyachosha masikio ya nyumba hii. Kila jioni habari ni ileile, mimi na rangi yangu, mimi na mashua nilizopaka. Amenipa daftari la mjukuu lililobaki kurasa. Nijisifie humo, amesema, daftari halina pa kukimbilia. Sawa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima.

Nimechoka. Magoti yameuma tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe ilikuwa mbaya.

Amekuja mwanamke chelezoni, pale tunapopandisha mashua nchi kavu kuzikwangua na kuzipaka rangi. Miwani, buti za mpira, ndoo mkononi. Nikadhani anauza kitu. Kumbe daktari. Si daktari wa watu, daktari wa konokono! Msimamizi akatukusanya wote tumsikilize. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, sitasema uongo.

Akasema konokono wa baharini ndio wanaojua maji yamekuwaje. Kuna rangi ya zamani ya kupaka tumbo la mashua, ina sumu ya kuzuia magamba na majani yasiote. Sumu ile inatoka kwenye mashua, inaingia majini. Konokono jike akiipata, hata kidogo mno, anaota sehemu za kiume. Mbele ya wanaume kumi na wanne alisema hivyo, bila kupepesa. Njia ya mayai inaziba, jike hazai tena, na baada ya miaka mawe yanabaki matupu. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu mzima, mambo ya ndani ya konokono unanieleza ya nini? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaandika kitu.

Jumamosi ataokota konokono kwenye mawe ya hapa kwetu. Jumapili ataokota wengine kule rasini, ambako mashua hazifiki, apate kulinganisha. Majike wa hapa wakionekana wameharibika, rangi ya zamani marufuku, na makopo yote yatachukuliwa.

Rangi ya zamani ni yangu. Mimi ndiye ninayeichanganya, mwaka wa arobaini na moja huu, hakuna mwingine anayejua kipimo. Mashua niliyopaka mimi inakaa majini miaka mitatu, tumbo safi kama sahani. Bila rangi hiyo mimi ni nani? Mzee mwenye brashi.

Shemeji alikuwa anatabasamu. Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anapaka ile rangi mpya upande wa pili wa chelezo, rangi nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, miezi sita magamba yameshahamia. Akaniuliza mbele za watu, shemeji, ukija kufanya kazi kwangu utapenda kufagia au kukwangua?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshuka mawe ya chini ya chelezo maji yalipokupwa. Nimewatazama konokono wetu kwa makini, mara ya kwanza katika maisha yangu. Wachache, wakubwa wakubwa, watoto hakuna. Wamekaa kama watu kwenye benchi la hospitali. Nikamgeuza mmoja. Sikuona kitu cha kiume wala cha kike. Huenda Daktari anaona anachotaka.

Lakini siwezi kubahatisha. Nikakaa juu ya jiwe, nikafikiri mpaka maji yakanilowesha suruali. Jibu likaja. Kama wanaofanya mtihani ni konokono, watafutwe konokono wa kufaulu. Konokono hatembei na kitambulisho. Nani atajua huyu wa hapa na huyu wa rasini?

Nitawatoa wa hapa wote. Nitaleta wa rasini, niwapange juu ya mawe yetu. Jumamosi Daktari ataokota, atawapasua, atakuta majike ni majike. Kwisha.

Kichwa hiki kingesoma, sijui nchi ingekuwa wapi.

Tatizo ni rasi yenyewe. Kwa miguu ni saa moja na nusu, na kwa magoti yangu ni siku nzima. Mwenye baiskeli ni Shemeji. Nimekwenda kuiazima. Akauliza naipeleka wapi. Nikasema zahanati, magoti. Akasema watu wenye magoti mabovu hawaendi zahanati kwa baiskeli. Lakini akanipa. Anapenda nikiwa na deni lake la shukrani.

Jumatano, 6 Agosti

Sijawahi kuchoka hivi tangu nilipokuwa kijana, na nilipokuwa kijana sikuwa nachoka.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mawe ya chini. Nimewaokota mia moja na arobaini, nimewahesabu mmoja mmoja. Nikawatia kwenye ndoo, nikafunika gunia bichi, nikafunga nyuma ya baiskeli. Nikajiuliza niwatupe wapi. Halafu nikaona, ya nini kwenda rasini na ndoo tupu? Nitawaachia kule, nichukue wa kule. Mia moja na arobaini kwa mia moja na arobaini. Hakuna aliyepungukiwa. Mimi si mtu wa kuharibu.

Kule rasini nilimkuta mke wangu na wenzake wawili wanabandua chaza kwenye miamba. Nilisahau kabisa kwamba leo ni siku yao. Wanakwenda kule tangu walipokuwa wasichana, na ndiko wanakopatia chaza wa kuuza. Akaniuliza mzee umefuata nini huku. Nikasema napunga upepo. Akaitazama ndoo. Akasema upepo wa siku hizi unabebwa kwenye ndoo. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nilisubiri wasonge mbele, nikawamwaga wa kwetu, nikaokota wa kule. Tofauti inaonekana. Wa kule wameshika mwamba kwa nguvu, ukimvuta anakuvuta. Na watoto tele, wadogo kama punje za mchele.

Nimerudi chelezoni saa sita, mgongo haunyooki. Nikashuka kwenye mawe kuwapanga wageni. Mungu wangu! Konokono wa kwetu wengine walikuwa wametoka kwenye nyufa, wametapakaa. Makumi! Nikiwamwaga wageni hapo, watachanganyika, na hakuna atakayejua nani ni nani. Nimerudi nyumbani na ndoo yangu.

Inabidi niwatie alama.

Alhamisi, 7 Agosti

Usiku walitoka kwenye ndoo. Asubuhi walikuwa ukutani, mlangoni, mmoja ndani ya sufuria ya chai. Mke wangu hakupiga kelele. Ameishi na mimi miaka thelathini na nane. Akamtoa kwa kijiko, akaniletea, akauliza huyu naye ni upepo?

Sikumweleza yote. Nilisema nawatia alama, kazi ya Daktari. Akasema basi tumia rangi ya kucha ya mjukuu, iko pale dirishani, inakauka haraka na haina harufu. Nikamtazama tu. Mimi! Bingwa wa rangi wa chelezo hili na machelezo mengine, nionekane na kichupa cha rangi ya kucha! Halafu rangi ya kucha ukiitia kwenye maji ya chumvi, siku mbili imebanduka. Rangi ninayoiamini mimi ni moja.

Nikafungua kopo langu. Ile harufu inapanda kichwani mara moja, macho yanatiririka. Harufu ya kazi. Nikachonga kijiti. Nukta moja nyekundu kwa kila mmoja, ndani ya mdomo wa gamba, mahali ambapo Daktari akitazama kwa juu hataiona. Konokono akitaka kutoka lazima aipitie. Nukta safi, duara, zote ukubwa mmoja. Mkono wangu bado haujatetemeka.

Maji yalipokupwa nikaenda kuwapanga, na wale wasio na nukta nikawaokota. Sabini. Nikawapeleka rasini, nikaleta sabini wa kule, nikawatia nukta papo hapo. Jumla mia mbili na kumi walioondoka, mia mbili na kumi walioingia. Sidhani kama kuna ofisi yenye hesabu sawa hivi.

Nimemrudishia Shemeji baiskeli. Akapitisha mkono chini ya tandiko akatoa konokono mmoja. Akamgeuza, akamtazama, akanitazama mimi. Akasema huyu naye alikuwa anakwenda zahanati?

Nimelala saa moja jioni, viatu mguuni.

Ijumaa, 8 Agosti

Wageni hawashiki.

Nimewakuta wengi wamedondoka chini ya mawe, chali, wanaelea kidogo kidogo maji yakipita. Nikawarudisha juu. Wakadondoka. Nikawarudisha. Mmoja nilimshikilia kwa kidole muda wa kuimba wimbo mzima, nikamwachia, akadondoka. Wametokeza nje, wamelegea, kama ulimi wa mtu aliyelala kwenye kiti.

Nafikiri ni uchovu wa safari. Baiskeli ile haina springi. Hata mimi nilidondoka jana, kwa hiyo siwalaumu.

Msimamizi alipita juu ya ukuta akaniona nimepiga magoti baharini. Akauliza mzee kumepotea nini. Nikasema hirizi ya ndoa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaenda zake pole pole.

Jumamosi, 9 Agosti

Daktari amefika saa tatu. Nilimpokea mimi, nikambebea ndoo, nikamwonyesha njia ya kushuka isiyoteleza. Nimemweleza kwamba konokono wa hapa wanajulikana kwa afya. Akasema asante babu.

Akaokota mmoja. Akamgeuza. Akamsogeza karibu na miwani. Akaokota wa pili, akamgeuza. Wa tatu. Wa kumi. Akatoa kamera.

Nikamwuliza vipi mwanangu, si wazuri? Akasema, babu, wana kitu chekundu mdomoni, wote, upande uleule. Nikasema ndivyo walivyo wa ukoo huu. Akasema anha.

Akaokota arobaini. Nimegundua kwamba alikwenda pia mpaka kwenye nyufa za ndani kabisa, akaingiza mkono, akatoa wengine tisa, akawatia kwenye kopo lao peke yao. Hao sikuwafikia mimi. Mkono wangu mnene.

Tisa kati ya arobaini na tisa. Haiwezi kuwa neno.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepumzika. Daktari amekwenda rasini peke yake. Nimemwona kwa mbali anarudi na ndoo, anatembea haraka, kichwa chini.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nimesema nimeshiba mawazo. Akasema basi hayo mawazo yaoshe vyombo.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu nikiisema itaniumiza zaidi.

Daktari alirudi. Tulikaa juu ya mbao chini ya mashua ya mtu, wote kumi na wanne, na Msimamizi kwenye kiti. Akaeleza. Aliwabana konokono mmoja mmoja kwenye jiliwa, gamba likapasuka bila nyama kupondeka, akawatazama kwa lenzi. Wale arobaini wa hapa, maumbile yao mazima. Nikasimama. Kabla sijapiga makofi, akasema wote walikuwa wamekufa au wanakufa, na nyama yao ina sumu kuliko konokono yeyote aliyewahi kumpima. Kwa sababu kuna mtu aliwapaka rangi ya mashua mdomoni. Nukta ya mtu mwenye ufundi, akasema.

Nilikaa chini. Nitasema kweli, lile neno ufundi lilinigusa.

Kumi na wawili walikuwa wananitazama. Shemeji alikuwa anatazama juu, anapiga mluzi bila sauti. Daktari akauliza kuna anayejua? Nikasema labda ni watoto, watoto wa siku hizi hawana adabu. Msimamizi akakohoa.

Basi, akasema Daktari, hao wa hapa wameharibiwa makusudi, hawezi kuwatumia, na wale tisa wa nyufani ni wachache mno. Hatapiga marufuku wala kuruhusu rangi mpaka arudie. Nikapumua. Nimeshinda! Lakini akaendelea. Linalomtisha si hapa. Ni rasini. Kule ambako mashua hazifiki, majike karibu wote aliowaokota wameota sehemu za kiume, wameziba, hawazai. Haielezeki isipokuwa kwa jambo moja. Kuna mtu ametupa mapipa ya rangi kule, chini ya maji. Amekwisha kuwaambia wakubwa. Kuanzia leo hakuna kuokota chochote rasini. Wapiga mbizi watatafuta mapipa. Inaweza kuchukua mwaka.

Aliwaokota pale pale nilipowamwaga. Ndipo penye njia nzuri ya kushukia. Mtu yeyote angeshukia pale.

Alhamisi, 14 Agosti

Mke wangu na wenzake wamerudishwa njiani. Ubao umesimikwa, askari mmoja amekaa kwenye kigoda. Wamerudi na vikapu vitupu. Wale wenzake wawili waliingia nyumbani kwetu, wakakaa. Mmoja ni mjane, ana watoto wanne. Akasema sasa nitakwenda kubandua nini, ukuta?

Nilitaka kutoka. Magoti yakakataa.

Walipoondoka mke wangu alikaa mbele yangu. Akasema ndoo iko wapi. Nikasema uani. Akasema gunia liko wapi. Nikasema uani. Akasema wale uliowapaka nukta uliwatoa rasini. Nikasema ndiyo. Akasema na kwenda kule hukwenda na ndoo tupu, nakujua, wewe hujawahi kwenda mahali mikono mitupu maishani mwako.

Halafu akasema kwa sauti, polepole kabisa:

"Baba watoto, hakuna mapipa kule. Kuna wewe."

Nikamweleza kwamba nikisema, rangi yangu imekwisha. Nitakuwa chini ya mdogo wake, nafagia. Mwaka wa arobaini na moja! Akasema anajua. Akachukua kikapu chake akakitundika ukutani, kile kikapu ambacho hajawahi kukitundika, hukaa mlangoni siku zote. Akaenda kulala mchana kweupe.

Nyumba iko kimya. Hata redio hakuwasha. Sijui nitajisifia nini leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Daktari. Ofisi yao iko juu, ngazi thelathini na nne. Nilipumzika mara tatu. Chumba kimejaa chupa, na juu ya meza jiliwa dogo zuri, nikamsifia. Akaniletea kiti.

Nimesema yote. Nilianzia mbali kidogo, tangu nilipoanza kazi, ili aelewe anaongea na nani. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye ndoo. Hapo akavua miwani.

"Babu, wa kule chelezoni uliwapeleka rasini wangapi?"

"Mia mbili na kumi. Niliwahesabu."

"Na sasa utawatambuaje? Wamechanganyika na wa kule."

Nikamwambia hapo amesema jambo la maana. Kama ningewatia nukta na wao, haya yote yasingetokea.

Akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika. Nikadhani analia, nikatafuta kitambaa. Alikuwa anacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka kama mimi. Akasema ameshatuma barua ofisi sita kuhusu mapipa. Wapiga mbizi wamezama siku mbili. Nikasema wakiniuliza mimi ningewaambia hakuna kitu kule, maji safi. Akasema, ndiyo babu, ungewaambia.

Akaandika karatasi ya maelezo yangu. Nikataka kuweka sahihi, akasema na dole gumba pia, ndivyo wakubwa wanavyotaka. Nikachovya, nikagandamiza. Limetoka doa jeusi tu, halina mistari. Akasema nirudie. Doa. Kidole kingine. Doa. Akauvuta mkono wangu karibu na taa, akauweka chini ya lenzi yake ya konokono, akautazama muda mrefu. Ngozi imekuwa laini, inang'aa, inabanduka pembeni. Siku zote iko hivyo.

"Alama za vidole zako ziko wapi?"

"Zimebaki kwenye mashua, mwanangu."

Nilisema kwa kujisifu. Lakini hakuachia mkono. Akauliza nawashwa? Nasikia harufu? Macho je? Nikasema harufu nimeacha kuisikia zamani, ila ya rangi. Akauliza wenzangu tulioanza pamoja wako wapi. Nikataka kujibu. Nikaanza kuwahesabu kichwani. Nikasema nina kiu.

Akanipa maji. Kuna saa ukutani kule inapiga kelele sana.

Jumatatu, 18 Agosti

Askari ameondolewa. Daktari ameokota konokono ng'ambo ya rasi, ambako sikufika, wote wazima. Mke wangu ameondoka alfajiri na kikapu. Hakuniamsha, lakini aliacha chai imefunikwa. Ndani hakukuwa na konokono. Nimetazama.

Chelezoni wale wa nyufani wameokotwa tena, wamepatikana kumi na nane. Majike wote wameharibika, hata mmoja hakunusurika. Rangi ya zamani marufuku kuanzia leo. Walikuja watu wenye glavu na vifuniko vya pua, wakabeba makopo yangu kama wanabeba maiti. Nilisimama pembeni. Nilitaka mtu aniulize kipimo, ili kijulikane. Hakuna aliyeuliza.

Shemeji alikuja akasimama karibu yangu. Nikajiandaa. Akasema, shemeji, hutafagia. Utapaka. Mkono wako naujua. Halafu akaondoka haraka, nafikiri aliona haya.

Nimepaka rangi yake mchana kutwa. Haina harufu hata kidogo. Kama kupaka na maji ya mchele. Mashua ilipopendeza nikakasirika.

Jumatano, 20 Agosti

Jana Daktari aliniita. Ana kazi kwa ajili yangu, mbali na ile ya Shemeji. Wale mia mbili na kumi niliowapeleka rasini hawawezi kuokotwa tena, kwa hiyo anataka kuwachunguza hapo hapo walipo, miaka mitano, aone kama katika maji safi watapona au ukoo wao utakwisha. Kwa hiyo wasiguswe. Kila wiki nipite, nihesabu wote walio pale, wa kwetu na wa kule, niwaambie akina mama wasiokote sehemu ile ndogo. Penye chaza ni kule mbele, wana nafasi tele.

Nikauliza cheo kinaitwaje. Akasema Msaidizi wa Utafiti. Nimemwomba aandike kwenye karatasi. Nimeibandika mlangoni. Mke wangu ameisoma mara mbili, akasema angalau konokono hawana masikio.

Nimefika rasini leo, siku ya kwanza kazini. Nimehesabu mia na sabini na sita, wengine wamejificha. Shida niliiona palepale. Ubao wa askari umeanguka kwa upepo, ni wa mbao, maandishi ya chaki. Mtu akipita atajuaje? Daktari msomi, lakini mambo ya kudumu baharini hayajui. Inatakiwa kazi ya fundi.

Makopo niliyatoa yote isipokuwa nusu kopo, na leo nilikuwa nalo, siendi mahali mikono mitupu. Mtu hawezi kutoa kila kitu. Nikapanda na brashi juu ya mwamba wenyewe, katikati yao, nikaandika MSIGUSE KONOKONO, kila herufi urefu wa mkono. Nyekundu. Imenichukua asubuhi nzima, macho yalitiririka mpaka ndevuni. Rangi iliyobaki nikachora kistari chini, kupendezesha.

Maji yalipojaa nilikaa kutazama. Yakafunika, yakapwa, haikutoka hata chembe. Miaka mitatu hiyo, naweza kuapa.

Sijamwambia Daktari. Nataka aje aone mwenyewe. Nilipokuwa naondoka konokono wanne walikuwa wameshapanda juu ya herufi ya kwanza. Nadhani wameipenda.